Waridi zangu zilikufa, nami nikanyamaza

Watu wangu, wengi wenu mlianza kunifuata kwa sababu ya ile video ya waridi. Mnaikumbuka. Niko mbele ya nyumba ya mamangu hapa Mbololo, nimeshika jembe kama mtu anayejua kulitumia, nasema: "Hii ni waridi ya kichaka. Ukishapanda umemaliza. Haitaki dawa, haitaki kazi, inakuwa fensi na inachanua mwaka mzima." Watu elfu kumi na moja wakaitazama. Kabla ya hapo video yangu iliyofanya vizuri zaidi ilikuwa na watu mia nane, na nusu yao ni binamu zangu.

Leo nairudia ile habari kwa maandishi. Kwa video nitaanza kuchekesha, najijua.

Nilipanda miche sita. Kufikia wiki ya tisa minne ilikuwa imekufa. Miwili iliyobaki ilikuwa kando ya bafu, pale maji ya kuoga yanapotokea, na hiyo ndiyo niliyowaonyesha kwenye video ya pili, ile ya "mwezi wa tatu, oneni mambo". Nilisimama upande mmoja tu. Ukiitazama tena utaona simu haigeuki kulia hata mara moja. Kulia kulikuwa na vijiti vinne vikavu.

Kuna mama jirani yetu, si shangazi wa damu lakini namwita shangazi tangu nikiwa mdogo. Aliziona hizo video kwenye simu ya bintiye. Wakati huo alikuwa amepokea zamu yake ya chama, na fensi yake ya mbele ilikuwa imeliwa na mchwa mpaka nguzo zikabaki zimesimama kwa mazoea tu. Akanunua miche kumi na miwili, shilingi 200 kila mmoja. Hiyo ni 2,400. Akapanda kwa mstari, mita moja moja, vile nilivyosema. Mimi sikujua lolote mpaka siku nilipopita kwake nikaona vijiti vimepangwa vizuri sana.

Hakunigombeza. Alinisalimia, akauliza mama yuko aje, halafu akasema, "Na zile zako, bado zinachanua?"

"Ndiyo shangazi. Mbili."

"Kwani zilikuwa mbili?"

Nikamwambia zilikuwa sita. Akaguna, akarudi kupepeta kunde zake. Nimegombezwa na walimu, na wazee wa kanisa, na mtu wa ofisi ya fedha ya chuo siku niliyoenda kuambiwa kwamba bila karo sirudi mwaka wa pili. Hakuna aliyenifikia kama huyo mama na kunde zake.

Kwa hivyo wacha niseme nilichopaswa kusema mwanzo. Sijabadilisha mawazo kuhusu fensi ya maua. Bado naamini kila boma hapa chini linaihitaji, na nitaeleza kwa nini. Kosa langu lilikuwa kwenye hayo maneno "haitaki kazi". Sikuuliza haitaki kazi wapi.

Zile habari nilizitoa kwenye video za Marekani. Kule kuna waridi moja maarufu sana inaitwa Knock Out. Ilitengenezwa na jamaa anaitwa William Radler, huko Wisconsin, na ikaingia sokoni mwaka 2000. Kabla yake, mtu wa kule akitaka waridi alikuwa anapiga dawa kila mara kwa sababu ya ukungu wa madoa meusi unaoangusha majani yote. Radler alichagua mimea iliyokataa huo ugonjwa na iliyovumilia baridi yao ya theluji. Ikachanua bila dawa, bila kukatwa maua makavu, na watu wakaipanda kila mahali, barabarani, mbele ya benki, mbele ya nyumba. Kwa hivyo wakisema haina kazi, hawadanganyi. Adui wa waridi kule ni ukungu na baridi, na hao maadui wawili alishawamaliza.

Sasa niambie, hapa Mbololo upande wa chini, ukungu wa majani umekusumbua lini? Theluji umeiona wapi? Adui wetu ni jua, mchwa, mbuzi na maji ya chumvi. Hakuna mtu Wisconsin aliyekaa chini akafikiria mbuzi wa jirani yangu. Na hiyo ni kama ile miche niliyonunua ilikuwa ya ukoo huo hata kidogo. Muuzaji aliniambia "hii ni ya kichaka" na mimi nikajaza yaliyobaki kichwani mwangu.

Twende kwenye hesabu, kwa sababu shangazi alinionyesha yake. Mche mchanga wa waridi kwenye udongo wetu mwekundu, jua la Januari, unataka kama lita kumi mara mbili kwa wiki, na hapo bado unalalamika. Miche kumi na miwili ni lita 120 kwa mara moja, yaani mitungi sita. Kwa wiki mitungi kumi na miwili. Mtungi alikuwa ananunua shilingi 20. Hiyo ni 240 kwa wiki, karibu elfu moja kwa mwezi, maji ya maua, kwa mama ambaye anapima maji ya kuosha sahani. Alimwagilia mwezi mzima, kisha akaacha. Ningeacha mapema zaidi.

Na maji yenyewe. Sisi wengine tunatumia ya kisima, na ukiyaacha kwenye sufuria unaona weupe umebaki pembeni. Waridi haipendi chumvi. Majani yanaanza kuungua kwenye kingo, unadhani ni kiu, unaongeza maji, unaongeza chumvi. Nilifanya hivyo kwa bidii sana. Halafu kila mtu hapa anajua kuhusu bomba la Mzima linalopeleka maji Mombasa. Sitaki kuanza hiyo leo, tutalala hapa.

Kinachochekesha ni kwamba waridi hapa kwetu zipo, na hazina kazi kabisa, lakini ziko juu. Bibi yangu anaishi kilimani, karibu na msitu wa Mbololo, ambako asubuhi ukungu unashuka mpaka huoni choo. Ana waridi ya pinki imepanda juu ya ua wa nyuma, imenizidi umri. Hakuinunua. Jirani alimkatia tawi, akalichomeka kwenye udongo wakati wa mvua, na tangu hapo anaimwagia maji ya vyombo na kuitukana ikimchoma. Hiyo ni waridi ya kichaka isiyo na kazi! Nilikuwa nayo kwenye ukoo na nikaenda kutafuta ya Wisconsin. Kwa hivyo kama uko Wundanyi, Werugha, Mgange, au huko juu kwa bibi, panda waridi, chukua tawi kwa aliyenayo, na usimlipe mtu yeyote shilingi 200. Ujumbe huu uliobaki ni wa sisi wa chini, kutoka Ndi mpaka Voi, ambao tunapata mvua kama milimita 550 kwa mwaka ikiamua kuja.

Kuna wanaoniandikia kila nikiposti mambo haya: "Kijana, maua hayaliwi. Panda sukuma." Nawajibu hivi. Huo ua mnauzunguka na nini sasa hivi? Wengi wetu tunakata matawi ya miiba porini, tunayaburuta, tunayapanga. Mwaka mmoja, mchwa wamemaliza, unarudi kukata tena. Hiyo ni miti inakatwa kila mwaka kwa ajili ya kitu kinachooza kila mwaka, na mara nyingi wanaoburuta ni akina mama na watoto. Mwenye pesa kidogo anaweka seng'enge. Roli linakula maelfu, nguzo zinaliwa na mchwa hao hao, na usiku mmoja unaamka waya umesafiri. Mwenye pesa zaidi anajenga ukuta wa mawe, na hapo ndipo nyumba inaanza kufanana na kituo cha polisi. Sukuma unazopanda hapo ndani zitaliwa na mbuzi kabla ya wewe kuzionja, kwa sababu huna fensi. Sisemi uache chakula upande maua. Fensi lazima uwe nayo, na gharama unailipa kila mwaka iwe unaiona au huioni. Mimi nasema ikiwa lazima uwe nayo, basi iwe hai na ichanue.

Na kuna jambo la mpaka. Hapa kwetu ardhi ni kidonda. Mbuga za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya kaunti, mashamba ya mkonge yamechukua kipande chao, na sisi tuliobaki tunabanana, wengi bila hati. Nguzo inahamishwa usiku. Mstari wa miti yenye mizizi ya miaka ishirini hauhamishwi usiku. Majirani zetu Wachaga walilijua hili zamani, wakapanda masale kwenye mipaka, na mpaka leo ukiyagusa umegusa ugomvi. Mimi ni kijana, sina shamba, nakaa kwa mama. Lakini mstari nitakaoupanda utashuhudia siku ambayo mimi na ndugu zangu tutaanza kuangaliana vibaya, na tutaangaliana, tusidanganyane.

Kiswahili chenyewe kina utani hapa. Ua ni lile unalonusa. Ua ni ule unaozunguka boma. Na ua ni amri unayompa mtu mwenye panga. Nataja hilo la tatu kwa sababu kuna fensi ya maua ambayo inafanya kazi zote tatu, na imejaa hapa: lantana. Unaijua hata kama hulijui jina. Maua ya njano, chungwa na pinki kwenye kichwa kimoja, jani ukilisugua linatoa harufu kali. Ilitoka Amerika ya kitropiki, ikaletwa kama pambo na kama fensi, na kwa kazi ya fensi isiyo na kazi hakuna kinachoishinda. Haitaki maji, haitaki mbolea, haitaki hata wewe. Ndege wanakula vitunda vyake na kuvidondosha kila mahali. Ng'ombe au mbuzi akila majani yake ya kutosha, ini linaharibika, kisha jua linaanza kumchoma ngozi mpaka inabanduka. Mtu mmoja aliniandikia kwamba niache waridi nihubiri lantana. Hapana. Hiyo sitaihubiri.

Wamarekani wenyewe walishapitia hapo na waridi. Miaka ya 1930 idara yao ya serikali ya kuhifadhi udongo iliwahimiza wakulima wapande waridi moja ya Asia, Rosa multiflora, iwe fensi hai ya mifugo na izuie mmomonyoko. Ilikuwa rahisi, ya miiba, yenye maua meupe mazuri. Ndege wakasambaza mbegu, malisho yakajaa miiba, na baadaye majimbo kadhaa yakaiweka kwenye orodha ya magugu mabaya. Sisi tuna mathenge, ule mti ulioletwa kuokoa maeneo kame, na watu wa Baringo wakaishia kupeleka mbuzi aliyeng'oka meno mahakamani kama ushahidi. Kwa hivyo nikisikia mmea "hauna kazi kabisa" siku hizi nauliza swali la pili: na ukitoka nje ya fensi yangu, nani ataufanyia kazi?

Basi tupande nini? Nimekuwa nikiuliza wazee, nikitembea, nikitazama fensi za watu mpaka wakaanza kunishuku. Haya ndiyo ninayoamini sasa.

Mbele, kwenye geti, pale unapotaka mtu aseme "hapa kuna watu", bogenvilia. Najua, iko kila hoteli Voi. Iko kila hoteli kwa sababu haifi. Ilitoka Amerika ya Kusini, na jina ni la nahodha Mfaransa, Bougainville, aliyezunguka dunia miaka ya 1766 hadi 1769. Kwenye safari hiyo alikuwepo mtaalamu wa mimea, Commerson, na msaidizi wake aliyejivika nguo za kiume, kumbe ni mwanamke, Jeanne Baret. Hiyo picha ningeitazama. Anyway, ile rangi mnayoiita ua si ua, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kale kadude keupe kadogo katikati. Na kitu kizuri zaidi kwetu: ukiipa maji mengi inakuwa majani matupu, ukiinyima ndiyo inachanua. Ni mmea unaochanua kwa shida, tena bila kulalamika mtandaoni.

Chukua tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa kiganja na kidogo. Ondoa majani ya chini, chomeka nusu yake kwenye udongo wenye mchanga, kivulini, na uchomeke mengi kwa sababu mengine yatakufa. Yakishika, hamisha mvua za Novemba zikianza, kila moja hatua moja kutoka kwa mwenzake. Mwaka wa kwanza zungushia matawi ya miiba, maana mbuzi anapenda vichipukizi. Halafu lazima uikate mara mbili kwa mwaka, la sivyo inapanda juu ya paa na chini inabaki uwazi wa kuku kupita. Kwa hivyo ndiyo, ina kazi. Siku mbili kwa mwaka. Vaa mikono mirefu, ile miiba ikikuchoma inawasha.

Lakini pembeni na nyuma, kwenye mstari mrefu, nimeacha kufikiria mimea ya kupamba. Huko nataka mtandamboo. Wazee wanaujua, watoto wanaochunga mbuzi wanaujua zaidi, sisi wa simu ndio hatuujui. Ni kichaka cha miiba mirefu iliyonyooka, majani ya kijani yanayong'aa, maua madogo meupe yenye wekundu kidogo, na harufu... hebu pita karibu nao ukichanua jioni, kisha uje uniambie kuhusu waridi. Matunda yanaanza mekundu, yanaiva meusi, matamu, yanaliwa. Ni wa hapa, haujaletwa na mtu. Ubaya wake ni kwamba hauna haraka. Unapanda mbegu mbichi kutoka kwenye matunda yaliyoiva, na mwaka wa kwanza unaona kama unakuchezea. Tafadhali pia uwe na uhakika wa unachochuma: kuna mti mwingine wa ukoo huo huo, wenye maua na matunda yanayofanana, ndio uliotoa sumu ya mishale zamani. Huo hauna miiba. Kama hauna miiba, usile, usipande, muulize mzee.

Na kwenye kona kavu kabisa, kikwata. Miiba yake midogo imekaa miwili miwili, imepinda kama ndoano. Ikikushika shati lazima urudi nyuma kwanza ndiyo ikuachilie. Mwizi hawezi kukimbia ndani ya kikwata. Wakati kila kitu kimekauka na mvua bado haijafika, wenyewe unajivika maua meupe mpaka unaonekana kama umemwagiwa maziwa. Jina lake la kisayansi, mellifera, maana yake ni mleta asali. Mbegu mpya zinaota bila matatizo. Ukiachwa bila kukatwa kwenye malisho yaliyochoka unaweza kujaa, kwa hivyo usiupande halafu uhamie Nairobi.

Hilo la asali ndilo lililonigeuza kabisa, na lina uhusiano na ndovu. Najua kuna mtu tayari anaandika "fensi ya maua itazuia ndovu?" Haitazuia. Ndovu akitaka mahindi yako atapita kwenye bogenvilia kama wewe unavyopita kwenye pazia. Lakini nendeni mkaone pale Sagalla, ng'ambo ya Voi tu, kazi ya Save the Elephants na mtafiti Lucy King. Wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, mzinga kila mita kumi, imeunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anaondoka, maana ndovu anaogopa nyuki. Mwaka 2024 walitoa matokeo ya miaka tisa: karibu ndovu 4,000 walikaribia, na takriban robo tatu waligeuzwa. Lakini ukiendelea kusoma unafika kwenye ukame wa 2017. Nyuki wakahama mizinga, asali ikapungua, na ikachukua miaka kurudi hali ilivyokuwa.

Nyuki walihama kwa sababu hakukuwa na maua. Nilisoma hapo mara mbili. Sisi tunazungusha maboma yetu kwa matawi yaliyokufa, na kilomita chache kutoka hapa nyuki wanaolinda mahindi wanakosa chakula. Waridi nyingi za kisasa zenye petali nyingi hazimsaidii nyuki, maana mle ndani sehemu ya chavua imegeuzwa petali. Bogenvilia nayo haina cha maana kwake. Mtandamboo na kikwata vinacho. Sidai kwamba mistari michache ya kikwata Mbololo itaokoa mashamba ya Sagalla, nyuki hawana bando la kuruka mbali hivyo. Nasema anayetaka kuweka mizinga hapa kwetu aanze na fensi inayochanua kiangazi.

Kitu kimoja kabla hamjanishambulia kwamba nimekuwa mtu wa "vya kwetu tu". Kuna ua dogo la zambarau ambalo watu Ulaya na Marekani wanaliweka dirishani, wanalinunua dukani, wana hata vyama vyake. Linaitwa Saintpaulia, kwa jina la afisa Mjerumani aliyelikuta upande wa Usambara mwaka 1892 akatuma kwao. Aina mojawapo ya ua hilo inaishi kwenye mlima wetu, msitu wa Mbololo, na imepewa jina la Taita. Iko hatarini kabisa kutoweka. Nimekulia chini ya huo mlima, nimesoma shule ya msingi ukiwa dirishani, nikajua habari hiyo nikiwa na miaka ishirini na moja, kwenye simu, nikitafuta waridi za Marekani. Na tafadhali msiende kuing'oa. Nawajua.

Najua pia mtakachosema: huyu aliacha chuo, amegeuka profesa wa fensi. Sawa. Sina cheti cha kilimo na sijawahi kusema ninacho. Nilicho nacho ni miche sita na hesabu yake, minne imekufa, miwili inaishi kwa maji ya kuoga. Ile hesabu ningeitoa tangu siku ya kwanza, shangazi angejua kila kitu alichohitaji kujua: nunua mmoja, uweke kando ya bafu. Video ya vijiti vikavu ingetazamwa na watu tisini. Hao tisini wangebaki na pesa zao.

Video zile mbili sijazifuta. Nimeandika juu yake kwamba miche minne kati ya sita ilikufa, na nimepiga picha ya upande wa kulia nikaiweka hapo. Jamaa watatu wameshaniandikia kwamba zao pia zilikufa, mmoja Maungu, mmoja Mackinnon Road, mmoja hajasema yuko wapi lakini amesema mengine. Ninyi wengine mlionunua kwa maneno yangu, niandikieni. Sina pesa za kuwarudishia. Matawi ya bogenvilia ninayo, na nimeotesha mtandamboo kwenye pakiti za maziwa, arobaini na tatu imeota kati ya mia moja na kumi. Hiyo ndiyo namba kamili.

Thelathini ni ya shangazi. Nilienda kumwambia nitachimba mashimo mwenyewe mwezi wa kumi, kabla ya mvua, na nitazungushia miiba mpaka miche ikue, na za chama nitazilipa polepole kwa M-Pesa. Akauliza itachukua muda gani kuwa fensi. Nikamwambia miaka mitatu, labda minne. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya kunde.

"Na waridi?" akauliza.

Nikasema waridi hapa chini hapana, shangazi.

"Mimi nataka moja. Hapo maji ya jikoni yanapotokea. Wewe niletee tu kutoka kwa bibi yako."

Jumamosi napanda mlimani kukata tawi.